Mtoano: Hesabu Inayoamua Kombe

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa.)

Sogeeni karibu na redio, fungueni madaftari yenu, na kalamu ziwe tayari, maana leo tutasoma na kuhesabu pia. Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni neno hili moja: MTOANO.

Nitaanza na kisa. Katika darasa moja nililolitembelea niliwakuta mabwana wawili wasioamkiana. Majina yao nayaacha. Mmoja amemwoa dada wa mwenzake, kwa hiyo ni mashemeji. Mwezi wa Juni mwaka 2023, Yanga ya Dar es Salaam ilisafiri kwenda Algiers kucheza na USM Alger, mchezo wa mwisho wa Kombe la Shirikisho la Afrika. Yule wa kwanza alisema, "Shemeji, Yanga watashinda kule kule kwao." Wa pili akajibu, "Shemeji, kombe litabaki Algeria." Wakawekeana mbuzi mmoja mmoja.

Yanga wakashinda 1–0. Kombe likachukuliwa na USM Alger.

Basi kila mmoja akamdai mwenzake mbuzi. Mbuzi wa mmoja wao alikuwa ametengwa auzwe, mtoto anunuliwe sare za shule. Yule dada, mke wa huyu na ndugu wa huyu, akakosa pa kusimama. Na mtaani watu wakasema, "Tumeibiwa! Mtu anashindaje, kisha ananyimwa kombe?" Je, ni kweli kwamba waliibiwa? Na mbuzi ni wa nani? Tusikate shauri bado. Tujifunze kwanza.

1. MTOANO NI NINI?

Neno hili latokana na kutoa. Timu zinatoana: anayeshindwa anatoka, anayeshinda anaendelea. Katika ligi, timu ikifungwa leo, itacheza tena juma lijalo na kujaribu kurudisha pointi ilizozipoteza. Katika mtoano hakuna kurudisha. Aliyetoka amefunga mizigo, anakwenda nyumbani.

Tutazame mfano wa karibu. Nchi za Afrika Mashariki na Kati zina baraza lao la mpira wa miguu, liitwalo CECAFA. Tangu mwaka 1974 baraza hili limekuwa na mashindano ya klabu, na Simba ya Dar es Salaam ilichukua kombe mwaka ule wa kwanza. Tangu mwaka 2002 kombe hilo huitwa Kombe la Kagame, kwa jina la Rais Paul Kagame wa Rwanda, ambaye alitoa fedha za zawadi. Kwa kawaida timu hugawanywa kwanza katika makundi. Zilizofanya vizuri katika makundi ndizo huingia katika mtoano.

Sasa tuhesabu. Tuseme timu 8 zimeingia katika mtoano. Andikeni:

Robo fainali: timu 8, michezo 4.
Nusu fainali: timu 4, michezo 2.
Fainali: timu 2, mchezo 1.
Jumla: michezo 7.

Timu ni 8, michezo ni 7. Kwa nini? Kwa sababu kila mchezo unatoa timu moja, na ili abaki bingwa mmoja ni lazima timu 7 zitoke. Kama timu ni 16, michezo itakuwa 15. Ukiijua hesabu hii huna haja ya kuhesabu kwa vidole. Ila kumbuka: kama walioshindwa katika nusu fainali watagombea nafasi ya tatu, ongeza mchezo mmoja.

2. WAKITOKA SARE

Katika ligi timu mbili zikifungana sawa, zinagawana pointi. Katika mtoano haiwezekani. Mmoja lazima atoke.

Njia ya kwanza ni dakika za nyongeza. Baada ya dakika 90, timu huongezewa dakika 30, yaani vipindi viwili vya dakika 15. Mwaka 2011, Yanga na Simba walikutana Dar es Salaam katika fainali ya Kombe la Kagame. Dakika 90 zilikwisha bila bao. Katika dakika za nyongeza Yanga wakapata bao moja, na bao hilo likawapa kombe.

Njia ya pili ni mikwaju ya penalti. Mpira huwekwa mita 11 kutoka golini, na mpigaji hubaki na mlinda mlango tu mbele yake. Kila timu hupiga mara 5. Wakiwa bado sawa, huendelea kupiga mmoja mmoja mpaka mmoja apate na mwenzake akose. Mwaka 1992, timu hizo hizo mbili zilikutana Zanzibar katika fainali ya mashindano haya. Zikatoka 1–1, na Simba wakashinda kwa penalti. Kwa hiyo kila upande una siku yake ya kukumbuka.

Mwaka 2024 fainali ya Kombe la Kagame ilichezwa Dar es Salaam, baina ya Red Arrows ya Zambia na APR ya Rwanda. Zilitoka 1–1. Katika penalti Red Arrows walishinda 10–9. Fikirini: mipira 19 iliingia golini, na bado tofauti ilikuwa bao moja tu.

Sharti moja msilisahau. Si kila mashindano hutumia njia hizi zote mbili. Mengine huenda kwenye penalti mara tu dakika 90 zinapokwisha. Kanuni huandikwa kabla ya mashindano kuanza.

3. MICHEZO MIWILI, NYUMBANI NA UGENINI

Sasa tumefika penye mbuzi wetu. Katika mashindano ya klabu ya Afrika nzima, timu mbili mara nyingi hukutana mara mbili: mara moja kwa huyu, mara moja kwa yule. Hapo mshindi hatafutwi kwa mchezo mmoja. Mabao ya michezo miwili hujumlishwa. Mwalimu na aandike ubaoni:

Dar es Salaam: Yanga 1, USM Alger 2.
Algiers: USM Alger 0, Yanga 1.
Jumla: Yanga 2, USM Alger 2.

Mnaona? Wako sawa. Kila timu ilishinda kwa mwenzake. Basi nini kiliamua? Ni kanuni ya bao la ugenini. Kanuni hiyo yasema hivi: jumla ikiwa sawa, aliyefunga mabao mengi zaidi ugenini ndiye mshindi. Sababu yake ni kwamba mgeni amesafiri mbali, na uwanja mzima unampigia kelele. Akifunga katika hali hiyo, bao lake hupewa uzito. Tena kanuni humtia mgeni moyo wa kushambulia, asikae golini kwake akingoja sare.

Tuhesabu. USM Alger walifunga mabao mangapi ugenini, yaani Dar es Salaam? Mawili. Yanga walifunga mangapi ugenini, yaani Algiers? Moja. Mawili ni mengi kuliko moja. Basi kombe likabaki Algeria, na hapakuwa na wizi. Tangu jioni ile ya Dar es Salaam, ushindi wa 1–0 kule Algiers haukutosha. Wangalishinda 2–0, jumla ingalikuwa 3–2, na kombe lingalikuwa la Yanga.

Lakini angalieni: kanuni za mashindano haya si lazima ziwe za mashindano yale. Katika mashindano ya klabu za Ulaya, kanuni ya bao la ugenini iliondolewa mwaka 2021. Kwa hiyo kabla ya kubishana, uliza: kanuni iliyoandikwa inasemaje?

4. MBUZI NI WA NANI?

Mwalimu wa darasa lile aliwaita wale mashemeji mbele. Akampa kila mmoja chaki, akawaambia waandike maneno waliyoyasema siku ile. Wa kwanza akaandika polepole: "Yanga watashinda." Wa pili akaandika: "Kombe litabaki Algeria." Darasa likasoma kwa sauti. Pakawa kimya, kisha watu wakacheka.

Wote wawili walisema kweli. Mmoja alinena juu ya kushinda mchezo, na mwingine juu ya kuchukua kombe. Walidhani wanabishana juu ya jambo moja, kumbe ni mawili. Kila mbuzi akabaki kwenye zizi lake, na mtoto akapata sare zake.

Ndugu zangu, ugomvi wa namna hii hauko katika mpira tu. Uko katika mipaka ya mashamba, katika mikopo na katika mauzo ya mazao. Neno lililosemwa kila mtu hulikumbuka kwa namna yake. Neno lililoandikwa huwarudisha wote mahali pamoja. Ndiyo maana tunajifunza kusoma, kuandika na kuhesabu.

MANENO YA LEO

Mtoano: mashindano ambayo anayeshindwa hutoka.
Jumla: hesabu ya vitu vilivyowekwa pamoja.
Ugenini: mahali pasipo kwenu.
Kanuni: sharti lililowekwa na kukubaliwa.

MASWALI

1. Timu 32 zimeingia katika mtoano wa mchezo mmoja mmoja. Itachezwa michezo mingapi mpaka apatikane bingwa?

2. Mwaka 2003, Simba waliwafunga Zamalek ya Misri 1–0 Dar es Salaam. Huko Cairo, Zamalek wakashinda 1–0. Andika jumla. Kisha andika mabao ya ugenini ya kila timu. Je, sasa mnaona kwa nini ilibidi wapige penalti? Simba walishinda penalti hizo, wakawatoa waliokuwa mabingwa wa Afrika.

3. Andika sentensi mbili: moja yenye maneno "kushinda mchezo", na nyingine yenye "kuchukua kombe".

Msomeeni mtu mmoja nyumbani hesabu ya Algiers mpaka aielewe. Kwa herini, mpaka juma lijalo.