Fahamu Kanuni za Usawa na Maadili katika Mashindano ya Poka Mtandaoni

Anayecheza drafti kijiweni katika Kata ya Bujonde, wilayani Kyela, humwona mpinzani wake uso kwa uso, na hila ikifanyika waliokaa kando hushuhudia. Mashindano ya poka mtandaoni hayana mashahidi wa namna hiyo. Mchezaji huona jina na karata za kwenye kioo cha simu tu, bila kujua nani yuko upande wa pili. Kwa sababu hiyo, usawa wa mchezo huo hutegemea mambo mawili: uaminifu wa washiriki na usimamizi wa mwendeshaji mwenye leseni.

Katika mashindano ya poka, kila mshiriki hulipa kiingilio na kupewa idadi sawa ya chipu, yaani alama zinazotumika kuweka dau. Kiwango cha chini cha dau hupanda kila baada ya muda uliopangwa, na anayeishiwa chipu hutoka. Zawadi hutolewa kwa wachache wanaobaki hadi mwisho. Kwa kuwa zawadi zote hutokana na mfuko mmoja, udanganyifu wa mezani humuumiza kila aliyelipa kiingilio, hata aliyeketi meza nyingine.

Ni muhimu kutofautisha geresha na udanganyifu. Mchezaji mwenye karata dhaifu anayeongeza dau ili mpinzani ajitoe hafanyi kosa. Geresha ni sehemu ya mchezo na kila mmoja ana haki ya kuitumia. Kosa ni wachezaji wawili kuambiana karata zao kwa simu, kuoneana huruma kwa makusudi, au mmoja kumwachia mwenzake chipu ili afike mbali. Hapo wengine hudhani wanashindana na mtu mmoja mmoja, kumbe wanakabiliwa na kundi.

Kanuni nyingine ya msingi ni kwamba karata za mchezaji mmoja huamuliwa na mtu mmoja. Kufungua akaunti mbili katika shindano moja, kumkabidhi simu mchezaji hodari katika hatua za mwisho, au kutumia programu inayoelekeza uamuzi wakati mchezo ukiendelea, ni ukiukaji wa kanuni hiyo. Mtazamaji anayenong'ona ushauri kijiweni huweza kukemewa papo hapo. Mtandaoni hakuna anayemsikia, hivyo wajibu wa kukataa msaada huo humwangukia mchezaji mwenyewe.

Aidha, adabu humtaka mchezaji kuamua kwa wakati. Baadhi ya washiriki huchelewesha zamu kwa makusudi wanapokaribia hatua ya zawadi, wakisubiri wa meza nyingine watolewe kwanza. Ili kuzuia hali hiyo, waendeshaji huweka ukomo wa muda, na meza zote huweza kugawiwa karata kwa pamoja katika hatua hiyo. Vilevile, lugha ya matusi na kumkejeli aliyeshindwa havikubaliki, na aliyekwisha kujitoa hapaswi kutaja karata alizokuwa nazo wakati wengine wangali wanacheza.

Udanganyifu unaweza pia kutoka ndani ya kampuni. Mwaka 2007, wachezaji wa tovuti ya Absolute Poker walichunguza kumbukumbu za shindano moja na kubaini kuwa akaunti mojawapo ilicheza kana kwamba inaona karata za wote. Januari 2008, Tume ya Michezo ya Kubahatisha ya Kahnawake, nchini Kanada, iliitoza kampuni hiyo faini ya dola za Marekani 500,000. Ukweli ulijulikana kwa sababu kumbukumbu zilikuwepo na kulikuwa na chombo chenye mamlaka juu ya mwendeshaji.

Nchini Tanzania, mamlaka hayo yako kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoanzishwa kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, Sura ya 41, ya mwaka 2003. Mtu mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kushiriki michezo hiyo. Aidha, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza ulaghai unaofanywa kwa kutumia kompyuta pamoja na kujifanya mtu mwingine kupitia mfumo huo.

Kabla ya kulipa kiingilio, mwananchi anapaswa kuhakikisha kuwa mwendeshaji ana leseni ya Bodi. Kwa wakazi wa Kyela, wilaya inayopakana na Malawi, ni vema kukumbuka kuwa leseni ya nchi nyingine haitoi kibali cha kuendesha michezo hiyo Tanzania. Anayetuma fedha kwa tovuti isiyo na leseni huenda akakosa pa kulalamika. Mchezaji anashauriwa pia kutunza ujumbe wa miamala, kuandika tarehe na saa ya tukio analolitilia shaka, kumpelekea mwendeshaji malalamiko kwa maandishi, na asiporidhika aifikishe hoja yake kwa Bodi.

Hata hivyo, mchezo ulio safi haumwondolei mshiriki hatari ya kupoteza fedha. Wengi wa wanaolipa kiingilio hutoka bila zawadi. Hivyo, fedha za mauzo ya mpunga au kakao zilizotengwa kwa ada, matibabu na pembejeo hazipaswi kugeuzwa kiingilio.