Yobu hakunyamaza



Kwetu huku Katanga, kila mara mwamba ukianguka juu ya mutu, kwenye kilio tunasikia maneno mawili. La kwanza: «Njo mapenzi ya Mungu, mama, nyamaza.» La pili wanalisema chini-chini, pembeni ya moto: «Labda kuna kitu alifanya.» Yote mawili yanatoka katika kinywa cha watu wanaosali. Na yote mawili yanaumiza mjane kuliko njaa.

Mimi si pasta wala padri. Niko delege wa sendika, na masomo yangu yaliishia sekondari. Lakini kuna kitabu kimoja cha Biblia ambacho kila mchimbaji angepashwa kukisoma yeye mwenyewe, mpaka mwisho: kitabu cha Yobu, wengine wanamwita Ayubu. Kina sura 42. Kanisani tunasikia paka sura mbili za kwanza na ile ya mwisho: Yobu alipoteza vyote, alivumilia, akarudishiwa mara mbili. Katikati tunaruka. Na katikati njo kuna dawa.

Yobu alikuwa na kondoo 7.000, ngamia 3.000, jozi 500 za ng'ombe, punda 500 na watoto 10. Siku moja mali yote ikaenda. Siku ileile upepo mkali ukapiga nyumba ambamo watoto wake walikuwa wanakula, ikawaangukia, wakafa wote. Mutu wa shimoni hana haja ya kufasiriwa mambo hayo. Kisha mwili wake ukajaa vidonda toka utosini mpaka kwenye nyayo. Bibi yake akamwambia amlaani Mungu, afe. Yobu akakataa.

Hapo wahubiri wengi wanafunga kitabu: «Munaona? Alivumilia. Na ninyi muvumilie.»

Lakini fungua sura ya 3. Yobu analaani siku aliyozaliwa. Sura kwa sura anamuuliza Mungu sababu. Anaomba kesi yake isikilizwe, sawa mufanyakazi anayepeleka mashtaka yake ku tribinali. Hakumwacha Mungu, alimsemesha uso kwa uso. Mutu asiyeamini hawezi kulia mbinguni namna ile, sababu kwake kule hakuna wa kumusikia. Kilio cha Yobu kilikuwa imani yenyewe.

Sasa tuangalie marafiki zake watatu: Elifazi, Bildadi na Sofari. Walipofika waliketi naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno. Hapo walifanya kilio muzuri kabisa. Waliharibu walipofungua kinywa. Wazo lao lilikuwa moja: Mungu haazibu mutu bure, kwa hiyo wewe ulitenda zambi, tubu. Walifikiri wanamtetea Mungu. Lakini katika sura ya mwisho Mungu anawakasirikia, anasema hawakusema ukweli juu yake sawa mtumishi wake Yobu. Wale waliomtetea Mungu kwa uongo njo walikaripiwa. Yule aliyelia na kubishana njo aliitwa mtumishi.

Tukumbuke mwaka 2003, wakati wa ile «départ volontaire», wakati zaidi ya wafanyakazi 10.000 walitoka Gécamines. Katika mitaa yetu watu walianza kutafuta kosa ndani ya kila nyumba: huyu mchawi, huyu hakutoa fungu la kumi. Niambieni: watu elfu kumi wote walitenda zambi moja katika mwaka mmoja?

Marafiki wa Yobu bado wako. Wengine wanahubiri, wengine wanaandika katika ofisi. Nilimsindikiza mjane mmoja, katika mji ambao sitautaja. Bwana yake alikufa chini ya mwamba. Karatasi ya aksida ilisema hakuvaa kaske. Wenzake walijua alikuwa nayo kichwani. Kilichokosekana ni mbao za kushikilia mwamba. Mama aliletewa karatasi ile atie sahihi, pamoja na bahasha ya pesa. Nyumbani watoto wane walikuwa wamefukuzwa masomo. Wamama wa kanisa wakamwambia: «Tia sahihi, dada. Mungu njo amekutumia hii.»

Alifunga kula siku tatu, akasali. Siku ya ine akarudisha bahasha. Alisema hivi tu: Mungu ambaye ninamwomba aniangalie, hawezi kunilisha kwa uongo juu ya bwana yangu.

Huyo mama, kwangu, alimtii Mungu katika jaribu. Na haikuwa bure: wafanyakazi wawili walikuja kushuhudia, na mmoja wao kontra yake haikuendeshwa tena, mpaka leo anatafuta kazi. Ilipita zaidi ya mwaka mpaka karatasi ikaandikwa upya na mama akapata haki yake ya mjane kwa CNSS. Bwana hakurudi. Hata Yobu, alipozaa tena watoto 10, wale wa kwanza walibaki kaburini. Kwa hiyo anayekuambia «toa mbegu, Mungu atarudisha vyote» hajasoma vizuri.

Kutii Mungu ni nini basi? Katika sura ya 31 Yobu anahesabu maisha yake mbele ya Mungu. Anasema hakuzarau malalamiko ya watumishi wake, sababu Muumba ni mmoja kwake na kwao. Anasema kama alikula mazao ya shamba bila kulipa, basi miiba iote pahali pa ngano. Wandugu, mshahara na haki ya mufanyakazi viko ndani ya utii wa Mungu.

Na sura ya 28 inatuhusu sisi wenyewe. Inazungumza juu ya watu wanaochimba mbali na makao ya wengine, wananing'inia kwa kamba katika giza, wanapindua milima, wanayeyusha jiwe wapate shaba. Kisha inauliza hekima inapatikana wapi. Haiko shimoni, na zahabu haiwezi kuinunua. Hekima ni kumwogopa Mungu na kuacha mabaya. Delege anayetia sahihi kwenye uongo ameshindwa jaribu lake, hata kama Jumapili anaimba mu korali.

Kuna mustari mmoja kule mwisho watu hawausomi. Ndugu na dada za Yobu walikuja, wakala chakula pamoja naye, wakamufariji, na kila mmoja akamuletea kipande cha feza na pete ya zahabu. Ile njo cotisation!

Kwa hiyo kwenye kilio kinachokuja, tuketi chini na mjane kwanza. Tulete unga na kitu kidogo. Tusiulize zambi ya marehemu. Na karatasi ikifika, tuisome pamoja naye kabla hajashika kalamu.