Nani Amlishe Mlinzi? Hazina za Ulinzi katika Nchi ya Unyamwezi

Katika njia kuu ya misafara, iliyoanza pwani kule Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora katika nchi ya Unyanyembe na kuendelea hata Ujiji, hapakuwa na dola moja iliyoweza kumdhamini msafiri tangu mwanzo hata mwisho wa safari yake; palikuwa na watemi wengi, kila mmoja na mipaka yake, visima vyake na watu wake wa silaha, na kila mmoja alidai hongo ya merikani, kaniki, shanga au nyaya kabla ya kuuruhusu msafara upite kwa salama. Wageni walioandika habari za safari zao aghalabu waliiita hongo hiyo dhuluma. Mimi naona haki ndani yake, kwani anayekunywa maji ya nchi na kulala chini ya ulinzi wake hana budi kuuchangia. Ubaya ulikuwa kwamba kiwango hakikujulikana, na mtemi wa mbele hakujali kilicholipwa kwa mtemi wa nyuma.

Mnywa Sere, aliyeshika utawala wa Unyanyembe mwishoni mwa miaka ya 1850, alitaka wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walipe ushuru wa bidhaa zao. Wakakataa, na mwaka 1860 wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake, vita vikaendelea hata Mnywa Sere alipouawa 1865. Baada yake akainuka Mirambo wa Urambo, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia. Askari wake, walioitwa rugaruga, hawakuwa na mshahara wa hazina, bali walitegemea sana nyara, na askari ambaye riziki yake ni nyara hana sababu ya kuitamani amani. Mirambo alipofariki 1884, dola yake haikukawia kusambaratika.

Waingereza walipotawala, Gavana Donald Cameron aliwatumia watemi katika utawala, na chini ya sheria ya 1926 sehemu ya kodi ilirudishwa katika hazina za wenyeji, ambamo watemi, makarani na matarishi walilipwa mshahara. Ulikuwa utawala wa kigeni, nao siusifu. Walakini jambo moja lilikuwa jema, kwamba mwenye kulinda alipata ujira unaojulikana. Utemi ukafutwa na sheria ya nchi huru mwaka 1963, na ulinzi wa raia ukabaki mikononi mwa Jeshi la Polisi, linalolipwa na hazina ya taifa.

Walakini hazina hiyo i mbali. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilipozagaa na wizi wa ng'ombe ukawazidi nguvu askari wachache waliopo, wanavijiji wa Kahama, Nzega na Igunga waliunda, kiasi cha 1981 na 1982, ulinzi wao wenyewe, ujulikanao kwa wengi kwa jina la sungusungu, na kwa Wanyamwezi busalama. Kila kijiji kilikuwa na viongozi wake na vijana wake wa pinde na mishale, lakini nguvu yake haikukaa katika kijiji kimoja. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa usiku, wanaume hutoka na silaha zao, wakazifuata nyayo za ng'ombe mchangani hata mpakani, na hapo watu wa kijiji cha pili, waliokwisha kusikia filimbi, huupokea msako na kuufikisha kwa watu wa kijiji cha tatu, mwizi asione pa kupumzikia. Kodi kubwa ya ulinzi huo ilikuwa usingizi, na kwa mkulima ambaye alfajiri anangojwa na jembe, kodi hiyo si ndogo. Asiyetoka alitozwa faini, na mkaidi alitengwa na jirani zake.

Hapo kwenye faini ndipo palipo na hatari. Mtuhumiwa naye alitozwa, na madhali chakula cha msako kilitokana na faini yake, ulikuwapo ushawishi wa kuwatafuta watuhumiwa, na baadhi ya vikundi viliwageukia hata wanawake wazee walioshukiwa uchawi. Sheria ya 1989 ilivitambua vikundi hivi na kuvipa uwezo wa kukamata. Lakini juu ya mfuko wa kuvigharimia, wananchi wenyewe ndio wa kuamua.

Mfano wa mfuko wa pamoja upo nchini Marekani, ambako miji midogo kadhaa huweza kuungana na kuwa na idara moja ya polisi, ikagawana gharama kwa idadi ya watu, kwa thamani ya mali, au kwa wingi wa wito wa askari. Kila kipimo kina mwenye kulalamika, lakini bajeti hujadiliwa kabla ya mwaka kuanza. Vijiji vilivyo katika njia moja ya wezi vingeweza kufanya vivyo hivyo. Mwenye mifugo mia tatu asitoe sawa na mjane asiye na mbuzi, kwa kuwa anayelindiwa kingi ndiye anayefaidika zaidi. Kila kaya itoe kitu, ijapokuwa debe la mahindi, ili kila kaya iwe na haki ya kuuliza. Faini ipelekwe mahakamani, isimlishe mkamataji. Na daftari la mfuko lisomwe kwa sauti katika mkutano mkuu wa kila kijiji kinachochangia, pamoja na majina ya waliokula na idadi ya ng'ombe waliorudishwa.