Uboho Baada ya Mionzi

Chembe za damu huzaliwa ndani ya uboho, tishu laini inayojaza mifupa ya nyonga, kifua na uti wa mgongo. Humo zimo seli shina, ambazo hugawanyika mfululizo ili kuziba nafasi za chembe zinazokufa. Kugawanyika huko ndiko kunakozifanya zidhurike upesi, kwa kuwa mionzi mikali hukata vinasaba vya seli, nazo hufa zinapojaribu kugawanyika.

Athari hujitokeza kwa zamu. Limfosaiti, aina ya chembe nyeupe, hupungua ndani ya saa 48, na kasi ya kupungua kwake humsaidia daktari kukadiria dozi aliyopata mgonjwa. Chembe nyeupe nyingine hufuata, kisha chembe sahani zinazogandisha damu, ambazo huishi siku 7 hadi 10. Chembe nyekundu huchelewa kupungua kwa sababu huishi siku 120 hivi. Wiki ya tatu na ya nne ndizo za hatari zaidi: homa ndogo huweza kuua, na fizi hutoka damu zenyewe.

Oktoba 1958 watu 6 walipigwa na mionzi kwenye kinu cha nyuklia cha Vinča, karibu na Belgrade. Walipelekwa Paris, na daktari Georges Mathé akawapandikizia 5 kati yao uboho wa wachangiaji Wafaransa. Uboho hufyonzwa kwa sindano kutoka mfupa wa nyonga, kisha humiminwa mshipani kama damu ya kuongezewa. Seli shina hujitafutia zenyewe njia ya kwenda mifupani. Mmoja wa wagonjwa hao watano alifariki. Kwa waliopona, uboho wa kupewa ulidumu kwa muda tu, kisha wa kwao ukarejea kazini.

Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, wagonjwa 13 walipandikizwa uboho. Wawili tu ndio walionusurika, nao walipona kwa uboho wao wenyewe. Wengi wa waliokufa waliuawa na majeraha ya ngozi na utumbo, ambayo uboho mpya hauwezi kuyaponya.

Kwa hiyo tiba ya leo hutangulia kumvusha mgonjwa katika zile wiki za hatari: chumba safi cha peke yake, dawa za kuua vijidudu, damu na chembe sahani za kuongezewa, pamoja na sindano za kuchochea uboho uzalishe chembe nyeupe. Seli shina chache zilizosalimika zikipata muda huo, huweza kuijaza damu upya. Upandikizaji hubaki kwa yule ambaye uboho wake umekufa wote, ilhali viungo vyake vingine vingali vizima.