BARUA YA MKONO: AMANA TUNAYOIACHA IPOTEE



Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu msomaji, mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia huku Rufiji na Kibiti, kila mtu aliokoa alichoweza. Bibi mmoja wa hapa kijijini aliokoa sanduku lake la bati. Ndani yake mlikuwa na kanga, hati chache na barua moja iliyofungwa kwenye nailoni. Barua hiyo aliandikiwa na marehemu mumewe, miaka mingi nyuma, alipokuwa Unguja na jahazi la boriti. Bibi mwenyewe hajui kusoma. Alisomewa mara moja tu ilipofika, na mwalimu wa chuo ambaye naye ameshatangulia mbele ya haki.

Wakati huo wajukuu walikuwa wameanza kuzungumza habari ya kugawana minazi ya babu yao. Bibi akasema, "Ile ya upande wa mtoni si ya mirathi, ni yangu. Barua inasema." Wajukuu wakaitazama barua ile, lakini hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kuisoma. Ilikuwa ya Kiswahili, ila imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Wanasoma ujumbe wa simu kutwa kucha, lakini maneno ya babu yao yaliwashinda.

Aliyeisoma ni mwanafunzi wa madrasa yetu, mtoto wa miaka 13. Alianza kwa shida. Akasoma, "Nimeuza bata," watu wakacheka, kwani babu hakufuga bata. Bibi akamrekebisha: "Mbata, mwanangu. Alichukua mbata." Alipofika katikati ya karatasi watu wakanyamaza. Babu alikuwa ameandika kwamba minazi ile ya mtoni ni ya mkewe, kwa sababu ndiyo sehemu ya mahari iliyokuwa imebaki kwenye deni lake. Wazee wakalinganisha mwandiko ule na ule aliouacha ndani ya jalada la msahafu wake. Ukawa mmoja. Suala likaishia hapo, na hakuna ndugu aliyemnunia mwenziwe.

Kisa hiki ndicho kilichonifanya niandike makala haya.

NAFASI YA BARUA KATIKA DINI YETU

Uislamu umeipa kalamu heshima kubwa. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Katika Suratun Naml tunasoma habari ya Nabii Sulayman (A.S.) alivyompelekea barua malkia wa Sabaa, nayo ilianza kwa jina la Mwenyezi Mungu. Mtume wetu (S.A.W.) aliwapelekea wafalme barua za kuwalingania, akiwemo Hiraqli wa Rumi na Kisra wa Uajemi. Alipoambiwa kuwa wafalme hao hawapokei barua isiyo na muhuri, alitengenezewa pete ya fedha ya kupigia muhuri. Alimwagiza Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zao zisomwe na kujibiwa na mtu anayeaminika. Na baada ya vita vya Badr (mwaka wa 2 Hijria), mateka waliojua kuandika walijikomboa kwa kuwafundisha watoto wa Madina.

BARUA KATIKA PWANI YETU

Wapo wanaodhani kuwa Waswahili walianza kuandika baada ya Mzungu kufika na shule zake. Si kweli. Barua za Kiswahili za zamani zaidi zinazojulikana ziliandikwa Kilwa, jirani zetu wa kusini, mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Baadhi yake zilitoka kwa mwanamke, Fatima binti Muhammad, aliyekuwa akitawala Kilwa. Leo zimehifadhiwa katika nyaraka za Goa, huko India, kwa kuwa zilifika mikononi mwa Wareno. Mabinti wa madrasa yetu wazingatie hilo: katika barua za mwanzo za lugha yetu tulizo nazo, imo kauli ya mwanamke Muislamu.

Wajerumani walipoitawala nchi hii waliikuta desturi hiyo imeenea pwani nzima. Mwaka 1892 Mjerumani C. G. Büttner alichapisha kitabu kizima cha maandishi ya Kiswahili ya hati za Kiarabu, na barua zilikuwa nyingi humo. Baadaye serikali na shule zikashika herufi za Kirumi, na zile za kwanza zikabaki kwenye vyuo vya Qur'ani na masanduku ya wazee.

KWA NINI MTOTO ALISOMA "BATA"?

Kiarabu hakina herufi za sauti zetu zote. Hakina "p", "ch", "g" wala "v" tunavyozitamka sisi. Basi wazee walitumia "ba" kwa b, p na mb. Kwa hiyo neno lile lile laweza kuwa bata, pata au mbata, na msomaji anatambua kwa maana ya sentensi. Irabu nazo Kiarabu kina tatu, sisi tuna tano. Kasra ikabeba i na e, dhumma ikabeba u na o.

Wanazuoni wetu waliliona tatizo hili. Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mwaka 1997 mapendekezo ya namna ya kuzikamilisha herufi hizo ili Kiswahili kisomeke bila kubahatisha. Kwa hiyo, mwanafunzi anayejua alifu na be tayari ana ufunguo mkononi. Kilichobaki ni mazoezi, na kuwauliza wazee walipo hai.

SIMU NI NEEMA, LAKINI

Sisemi kwamba simu ni mbaya. Mgonjwa akizidiwa usiku hapa Mbuchi, hatusubiri barua. Simu inaita mashua, inaleta fedha, inawakutanisha walio mbali. Lakini ujumbe wa simu unafutika, simu inatumbukia majini, na namba inafungwa. Nani kati yetu ana ujumbe aliopelekewa na mzazi wake miaka 20 iliyopita?

Tena tofauti nyingine iko katika akili ya mwandishi mwenyewe. Mwaka 2024 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kwa wanafunzi 36 wa chuo kikuu. Walipima umeme wa ubongo na kuona kwamba anayeandika kwa mkono, sehemu za ubongo wake zinashirikiana zaidi kuliko za anayebofya herufi. Walimu wa vyuo walilijua hili kwa uzoefu: mtoto anayeandika aya kwenye ubao wake huhifadhi upesi.

Ulimwenguni barua zinapungua kwa kasi. Denmark, iliyokuwa na posta ya serikali tangu 1624, mwishoni mwa mwaka 2025 posta yake iliacha kabisa kusambaza barua. Hata hivyo Umoja wa Posta Duniani, tangu 1971, unaendesha mashindano ya kuandika barua kwa vijana, ambayo siku hizi ni ya wenye umri wa miaka 9 hadi 15. Umri huo ndio wenu, wanafunzi.

SI KILA BARUA NI YA KHERI

Lazima niseme na hili. Mwaka 1908, muda mfupi baada ya vita vya Majimaji, kulienea Lindi na sehemu nyingine za kusini barua iliyodaiwa kutoka Makka. Ilisimulia ndoto ya mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume, ikatisha watu kuwa Kiyama kimekaribia na kutaka inakiliwe na kusambazwa. Watu waliinakili kwa mkono, hofu ikaenea, na serikali ya Kijerumani ikashtuka.

Ndugu zangu, ndoto ya Sheikh Ahmad huyo huyo bado inazunguka leo kwenye simu: "Tuma kwa watu 20, usipotuma utapata msiba." Kalamu na simu vyote ni vyombo. Qur'ani inatuamrisha katika Suratul Hujurat tuhakikishe habari kabla ya kuifanyia kazi.

NAMNA YA KUANDIKA BARUA

Adabu za barua za wazee wetu zilikuwa hizi:

1. Anza kwa Bismillahi, kisha tarehe, ya Hijria na ya kawaida, na mahali ulipo.

2. Mtaje unayemwandikia kwa heshima yake: mzazi wangu mpenzi, shangazi, maalim wangu. Kisha toa salamu kamili.

3. Eleza hali yako na ya watu wa nyumbani kabla ya kuingia kwenye haja yako.

4. Andika haja kwa uwazi. Ikiwa ni deni au amana, taja kiasi, tarehe na mashahidi.

5. Wasalimie wengine kwa majina. Mtu akisikia jina lake linasomwa hufurahi kuliko unavyodhani.

6. Malizia kwa dua na jina lako kamili. Wazee waliongeza neno "biyadihi", yaani ameandika kwa mkono wake.

7. Isome mara mbili kabla ya kuifunga. Neno la hasira likishaandikwa linadumu kama la mapenzi.

NINAYOWAOMBA

Kwanza, kila mwanafunzi aandike barua moja kabla ya Ramadhani: kwa babu, kwa kaka aliyeko Dar es Salaam, au kwa mama aliye nyumbani. Ukikosa njia ya posta, mpe nahodha wa mashua, kama walivyofanya waliotutangulia.

Pili, wazazi waulizeni wazee wenu wana karatasi gani kwenye masanduku. Msichome wala msifungie vitumbua. Leteni madrasa tuzisome pamoja, kisha mrudi nazo.

Tatu, wenye madeni na amana waandike sasa, wangali hai.

Yule bibi ameirudisha barua yake kwenye nailoni. Lakini kila Ijumaa baada ya Asri humwita yule mtoto amsomee tena. Siku hizi mtoto hakosei mbata.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhifadhi amana. Amin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.