Jua Tele, Betri Tupu: Namna ya Kuchaji Mahali Pasipo na Umeme

Likizo ikikaribia, maduka ya vifaa vya umeme pale Ruwi hujaa watu wetu. Huyu anatafuta zawadi ya mama, yule ya kaka yake mvuvi, na wengi hutoka na kitu kilekile: pawabenki nyeusi yenye kipande cha sola mgongoni na maandishi makubwa, 20000 mAh. Muuzaji anasema iweke juani tu, itajaa yenyewe. Ikifika kijijini inapandishwa juu ya bati tangu asubuhi mpaka magharibi, na usiku inaichaji simu kidogo halafu inazima. Baada ya miezi michache imevimba kama andazi. Watu wanasema ni feki. Inawezekana kweli ni feki, maana zimejaa sokoni, lakini hata iliyo halali haiwezi kazi hiyo, na sababu yake ni hesabu ya skuli ya msingi.

Umeme uliomo ndani ya betri hupimwa kwa wati-saa, yaani wati moja ikitumika kwa saa moja. Uniti moja tunayonunua nyumbani, iwe ya LUKU au ya tokeni za Kenya, ni wati-saa 1000. Zile mAh peke yake hazikwambii kitu mpaka uzidishe kwa volti. Seli ya lithiamu ni volti 3.7 hivi, kwa hiyo mAh 20000, ambazo ni ampea-saa 20, zikizidishwa kwa 3.7 zinakupa wati-saa 74. Simu ya siku hizi yenye betri ya mAh 5000 inabeba wati-saa 19. Ungedhani utaijaza mara nne karibu kamili. Lakini umeme unapopandishwa kutoka volti 3.7 mpaka 5 za USB, kisha ukashushwa tena ndani ya simu, sehemu yake inageuka joto. Wewe hesabu mara tatu, ukipata zaidi shukuru.

Sasa tuje kwenye kile kipande cha sola. Jua la saa sita mchana, anga ikiwa safi, huleta takriban wati 1000 kwa kila mita moja ya mraba. Kipande chenye sentimita 7 kwa 13 kinapokea wati 9 tu za hilo jua, na kati ya hizo umeme unaotoka ni wati moja na nusu, na hapo umebahatika. Siku nzima ya jua zuri, Muscat au Pemba, ukiijumlisha asubuhi yake na jioni yake, ni sawa na saa tano hivi za jua la utosi. Kwa hiyo kipande kinaleta wati-saa saba na nusu kwa siku. Gawa 74 kwa hizo: siku kumi za jua bila wingu, na mtu asiiguse hata kuwasha tochi. Ukitia na upotevu, ni wiki mbili. Yaani ile sola ni pambo, jamani.

Na kama pambo lingekuwa halidhuru tungeliacha. Tatizo ni kwamba ili upate hizo wati moja na nusu, inakubidi uianike betri yenyewe juani, na betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa joto lake likipita digrii 45. Hapa Muscat mwezi wa Juni hewa ya kivulini tu inapita 40. Plastiki nyeusi iliyolala juu ya bati inafika 60 bila shida. Katika joto hilo kemikali zilizomo ndani zinaanza kuvunjika na kutoa gesi, na gesi ikikosa pa kutokea ndio huo uvimbe. Iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, haiwekwi chini ya mto. Itoe nje ya nyumba, mbali na vitu vinavyoshika moto, mpaka utakapopata pa kuipeleka. Nasisitiza hili kwa sababu nyumba zetu nyingi ni za makuti na miti, na huwa inalala chumbani karibu na mtoto.

Dawa yake ni kutenganisha: paneli juani, betri kivulini, katikati waya. Nunua paneli ya kukunja ya wati 20 au 30 yenye tundu la USB, na pawabenki ya kawaida isiyo na sola yoyote. Ile ya wati 20 usitegemee itoe 20. Tarakimu hiyo hupimwa maabara, paneli ikiwa na joto la digrii 25. Kila digrii inayoongezeka inapunguza kama asilimia 0.4, na paneli iliyo juani Oman inafika digrii 65 kirahisi, kwa hiyo asilimia 16 zimeshakwenda kabla hujahesabu vumbi na mlalo. Tuseme inatoa wati 13. Mara saa tano ni wati-saa 65. Kazi ya wiki mbili imekuwa ya siku moja na kidogo.

Mlalo nao una maneno. Muscat iko digrii 23 na nusu hivi kaskazini ya ikweta, kwa hiyo ukienda kulala Jebel Shams au kwenye mchanga wa Wahiba mwezi wa Disemba, jua la mchana limelala upande wa kusini, na paneli iliyobwagwa chini chali inapoteza sehemu kubwa. Ielekeze kusini na uinyanyue. Huna haja ya kipimo chochote: simamisha penseli juu ya paneli iwe wima nayo, kisha geuza paneli mpaka kivuli cha penseli kipotee. Kwetu Pemba, digrii 5 tu kusini ya ikweta, mlalo mdogo unatosha, na faida yake kubwa ni mvua ipate kuosha vumbi. Kinachotuangusha zaidi kule ni kivuli. Vijipande vya paneli vimeungwa mfululizo kama shanga katika uzi mmoja, na umeme unapita kote kwa pamoja, kwa hiyo ukuti mmoja wa mnazi ukifunika kijipande kimoja unaweza kuangusha umeme wa paneli nzima, kama mpira wa maji uliobanwa mahali pamoja. Na usiunge simu moja kwa moja kwenye paneli. Wingu likipita umeme unakatika, simu nyingine hurudi kuchaji polepole na hazipandi tena mpaka uchomoe. Mchana jaza pawabenki, usiku pawabenki ijaze simu.

Sola ikishindwa, lipo gari. Wakati wa kimbunga Gonu, Juni 2007, maeneo ya Muscat yalikatikiwa umeme na maji, na Shaheen ilipopiga pwani ya Batinah Oktoba 2021 ikawa hivyohivyo. Katika wingu na mvua ya namna ile paneli haifai kitu. Kwetu tunalijua hilo kwa urefu zaidi. Unguja ilikaa kizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, ikarudia tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, kwa ajili ya kebo moja ya chini ya bahari kutoka bara. Kebo ya pili, kubwa zaidi, ilikuja 2013. Pemba nayo iliungwa na Tanga mwaka 2010. Kabla yake ilitegemea mashine za dizeli.

Betri ya gari, tuchukue N70, ina volti 12 na ampea-saa 70. Hiyo ni wati-saa 840, ukiitazama juujuu ni pawabenki kumi na moja. Lakini betri ya gari imetengenezwa kwa ajili ya kupiga stata: itoe umeme mwingi kwa sekunde chache, kisha ijazwe mara moja. Bamba zake za risasi ni nyembamba. Ukiinyonya mpaka chini mara kwa mara, kama wanavyofanya wanaoichomoa kwenye gari kuendeshea TV na kuibeba kwa baiskeli kwenda kuchajiwa, inakufa ndani ya miezi. Injini ikiwa imezimwa, mimi sichukui zaidi ya sehemu moja ya tano. Hizo ni wati-saa 160 au zaidi kidogo, zinajaza simu sita bila wasiwasi, na asubuhi gari linawaka. Na betri za namna hii zikichajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, inayolipuka, kwa hiyo zichajiwe uwani, si chumbani.

Wakati mzuri wa kuchaji kwa gari ni linapotembea, maana hapo oltaneta inafanya kazi na umeme wa simu hauonekani hata kwenye mafuta. Wengi wanachomeka kwenye tundu la USB la kwenye dashibodi, halafu wanashangaa safari nzima simu haipandi. Matundu mengi ya zamani yanatoa nusu ampea tu, wati mbili na nusu, na ramani ikiwa imewashwa inazila zote. Tumia soketi ya volti 12, ile ya kiberiti cha sigara, utie adapta iliyoandikwa wati 18 au zaidi. Muscat mpaka Sur ni kilomita 200 hivi, saa mbili: karibu nusu ya pawabenki yetu. Mpaka Salalah, kilomita 1000, unajaza moja na ya pili unaifikisha mbali. Inveta ya kugeuza volti 12 kuwa 240, halafu uchomeke chaja ya ukutani ili irudishe kuwa 5, ni kama kupanda mnazi ili ushuke tena. Iache kwa vitu visivyo na njia nyingine. Kuwasha gari lililosimama ili kuchaji simu ni hasara ya wazi, unaweza kuchoma karibu lita moja kwa saa kwa ajili ya wati 18, na ndani ya gereji iliyofungwa moshi wake unaua. Halafu ukishuka, shuka na pawabenki yako. Gari lililoegeshwa juani hapa ni tanuri.

Kwa anayetaka kuwasha nyumba ya wazee, siyo simu tu, ushauri wangu ni kwamba fedha zisafiri badala ya betri. Paneli ya wati 50, taa tatu, betri na kontrola yake zinapatikana Dar, Mombasa na Unguja, na fundi yuko karibu zikiharibika. Kontrola isikosekane: paneli ya kuchaji betri ya volti 12 inaweza kutoa 18 na zaidi, na ikiungwa moja kwa moja inaichemsha. Kenya, M-KOPA walianza mwaka 2012 kuuza seti za sola kwa malipo ya kidogokidogo kupitia M-Pesa, na Kinyasini, Unguja, Barefoot College wamewafunza kina mama wa vijijini ufundi wa sola.

Anayesisitiza kubeba pawabenki na ajue kanuni za ndege. Haiingii kwenye begi la chini hata kidogo, inakaa na wewe ndani. Mpaka wati-saa 100 hauhitaji ruhusa, na hizo ni kama mAh 27000, kwa hiyo ile ya 20000 inapita. Kati ya 100 na 160 unaomba ruhusa ya shirika, na mwisho mbili. Juu ya hapo hairuhusiwi kwa abiria. Mashirika mengine yanakaza zaidi: Emirates, kuanzia 1 Oktoba 2025, wanaruhusu moja tu kwa abiria, na marufuku kuitumia au kuichaji ndani ya ndege. Iwe na wati-saa au volti na mAh zilizoandikwa na kusomeka, maana iliyofutika maandishi inaweza kubaki uwanjani. Paneli haina betri, hiyo ikunje ndani ya kanga na uitie kwenye begi la chini.