Motokaa Mbili Zikawa Moja

Jioni moja baada ya mavuno nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka ofisi ya parokia, hapa Mollo, nikasikia makelele katika ua wa jirani yangu. Nikapiga hodi, nikakaribishwa. Nilimkuta baba wa nyumba amesimama, fimbo mkononi. Mbele yake kijana wake wa miaka kumi na mitatu ameinamisha kichwa. Chini, juu ya gunia, pametapakaa vipande vya plastiki: milango, paa, viti na magurudumu.

"Bwana Karani," akasema baba, "tazama mwenyewe. Nimeuza mahindi, nimekwenda Sumbawanga, nimenunua motokaa mbili za kuchezea, moja yake na moja ya mdogo wake. Mwezi haujaisha, amezikata zote mbili kwa kisu. Huyu ni mharibifu."

Nikamwuliza kijana sababu. Akajibu kwa sauti ndogo: "Sikuziharibu, Bwana Karani. Nataka ziwe moja. Naunda ile motokaa ya babu."

Babu yake alikuwa ameketi kando ya ukuta, akiota jua la mwisho. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Aliposikia maneno hayo akainua mkono, akamwambia mwanawe: "Weka fimbo chini kwanza. Mimi ndiye niliyemwambia."

MOTOKAA YA BABU

Ndipo mzee akatueleza. Mwaka 1957 alikuwa mtoto wa miaka kama kumi. Mama yake alishikwa na ugonjwa mkali, akapakiwa katika Land Rover apelekwe hospitali, na yeye mtoto akaruhusiwa kumfuata. Mama alilazwa sakafuni nyuma, na mtoto akakaa kando yake akimshika mkono njia nzima. Mama alipona, akaishi miaka mingi.

"Motokaa ile sikuiona tena," akasema, "lakini siwezi kuisahau. Ilikaa watu kumi: watatu mbele, watatu katikati, na wanne nyuma wakitazamana. Ubavu wake ulikuwa umenyooka kama sanduku. Bolti zilionekana nje. Macho yake yalikuwa karibukaribu, katikati ya uso, si pembeni kama haya ya sasa. Na paa lilikuwa mbili, moja juu ya jingine."

Kijana alikuwa amesikia habari hiyo mara nyingi. Katika maduka hakuna kitu cha kuchezea chenye umbo hilo. Motokaa yake ilikuwa ndefu, lakini nyuma ilikuwa wazi, ya kuchukulia mizigo. Ya mdogo wake ilikuwa fupi, lakini ilikuwa na milango na madirisha ya abiria. Basi akawaza: nikichukua urefu wa hii na nyumba ya ile, nitapata ya babu.

Usiku ule nilitafuta picha katika simu yangu, nikaona kwamba mzee hakukosea. Sifa zote alizotaja ni za Land Rover ya abiria ya inchi 107, toleo la kwanza. Inchi hizo 107 ni umbali kati ya katikati ya gurudumu la mbele na katikati ya gurudumu la nyuma. Gari hilo la abiria lilitengenezwa kwa miaka michache tu, mpaka mwaka 1958. Mwaka huohuo likaja toleo la pili, lenye ubavu uliofanywa mviringo chini ya madirisha. Ndiyo sababu Land Rover nyingi tulizoziona sisi hazifanani na ile ya babu.

HATA LAND ROVER ILIZALIWA HIVYO

Kesho yake nilikwenda kumwambia jirani yangu jambo ambalo hakulitazamia. Nalo ni hili: Land Rover yenyewe ilianza kwa kuunganisha motokaa mbili.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Bwana Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales. Shambani alitumia Jeep ya Kimarekani iliyobaki vitani. Akaona yafaa kampuni yake itengeneze gari la namna hiyo kwa ajili ya wakulima. Mwaka 1947 mafundi wake wakachukua chasisi ya Jeep, wakatia ndani yake injini ya Rover. Usukani wakauweka katikati, ili gari lifae katika nchi zinazoendesha kushoto na zile zinazoendesha kulia pia. Usukani huo wa katikati uliachwa baadaye. Gari lilipoonyeshwa kwa watu mara ya kwanza, mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948, lilikuwa limekwisha kuwa na chasisi yake lenyewe. Mwili wake ulikuwa wa aluminiamu, kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa haba baada ya vita.

"Kumbe," akasema jirani yangu, "hata wakubwa hukata vitu vizima?"

Hukata, nikamjibu. Lakini hupima kwanza.

MAFUNDI WA MOTOKAA NDOGO

Katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani wako watu wazima, tena wengi, wafanyao kazi ileile aliyoianza kijana wa Mollo. Huko maduka huuza maboksi yenye vipande vya plastiki vya motokaa ndogo. Mnunuzi hutoa vipande, huvisafisha, huvigandisha kwa gundi, kisha huvipaka rangi. Kampuni za Italeri ya Italia na Revell ya Ujerumani zimewahi kuuza maboksi ya Land Rover ndefu ya inchi 109, toleo la tatu, kwa kipimo cha 1 kwa 24. Maana yake, sentimita 24 za gari la kweli huwa sentimita moja katika lile dogo.

Lakini fundi anayetaka gari adimu, kama lile la inchi 107, atafanyaje ikiwa dukani hapati boksi lake? Hununua maboksi mawili ya gari linalokaribiana nalo. Moja hulijenga; la pili hulikata apate viraka. Kwanza hutafuta picha za gari la kweli, za mbele, za nyuma na za ubavu, na vipimo vyake. Kisha hulinganisha na vipande alivyo navyo, na kuandika kila tofauti. Chasisi ya inchi 109 imezidi kwa inchi mbili. Katika kipimo cha 1 kwa 24 hizo ni milimeta mbili tu, lakini lazima zikatwe. Ubavu wa mviringo lazima uondolewe, uwekwe ulionyooka. Taa za toleo la tatu ziko juu ya madigadi. Lazima zihamishwe katikati, na matundu yake yazibwe.

Mtego mkubwa katika kazi hii ni kuchanganya vipimo. Maboksi mengi ya Marekani ni ya 1 kwa 25, na mengi ya Ulaya na Japani ni ya 1 kwa 24. Kwa macho, tofauti haionekani. Lakini gari lenye urefu wa sentimita 440 litakuwa la sentimita 18.3 katika kipimo kimoja, na sentimita 17.6 katika kingine. Hizo ni milimeta saba. Mlango wa boksi moja hautaingia katika ubavu wa boksi jingine, na fundi asiyepima ataligundua jambo hilo wakati amekwisha kukata.

Tena fundi mwema hatii gundi mara moja. Huvishikanisha vipande vikavu kwanza, hutazama, huvitoa, hupiga tupa kidogo, hujaribu tena. Gundi ya kazi hiyo huiyeyusha plastiki yenyewe kidogo, vipande viwili vikashikana kuwa kimoja. Kosa likishaganda halitoki kwa urahisi. Penye ufa hujaza lipu maalumu, hupiga msasa mpaka kidole kisisikie kiungo. Kisha hupaka rangi ya kijivu nyepesi ili kila kovu lionekane, ndipo rangi yenyewe hufuata, tabaka nyembambanyembamba. Mwenda pole hajikwai.

SOMO LA KONGWA

Nchi yetu yenyewe imepata kuona hasara ya kuunganisha bila kupima. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga huko Kongwa. Matrekta yalikuwa haba. Basi kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman vilivyobaki vitani, ikavigeuza kuwa matrekta, yakaitwa Shervick, yaani Sherman na Vickers pamoja. Lilikuwa wazo la werevu. Lakini ardhi na mvua za Kongwa hazikupimwa vya kutosha. Wakati wa kiangazi udongo wa huko hukauka ukawa mgumu kama saruji, na mashine nyingi ziliharibika. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo, na hasara ilikuwa karibu pauni milioni 36.

Nilimsimulia kijana habari hiyo, kwa sababu naye alikuwa amekosea vilevile. Nyumba ya motokaa fupi ilikuwa nyembamba kuliko chasisi ya ile ndefu. Alikata kabla ya kupima. Hapo baba yake alikuwa na haki ya kukasirika.

KAZI INAANZA UPYA

Tulikaa watatu, kijana, baba yake na mimi, tukaanza kwa hesabu. Magurudumu ya motokaa ndefu yalikuwa na upana wa sentimita 4. Tairi la Land Rover ile ni kama sentimita 76. Gawanya 76 kwa 4, utapata 19. Basi kipimo chetu kikawa 1 kwa 19. Inchi 107 ni sentimita 272. Gawanya kwa 19, utapata sentimita 14 na milimeta 3. Kijana akachora mstari wa urefu huo juu ya ubao, akaweka chasisi juu yake. Ilizidi kidogo. Safari hii alikata baada ya kuweka alama.

Nyumba nyembamba aliipasua katikati, akaongeza kipande cha ndoo iliyovunjika. Gundi ya dukani ilikataa kabisa, kwa maana plastiki ya vitu vya kuchezea mara nyingi ni ya namna ya ndoo, yenye utelezi, wala haiyeyuki kwa gundi. Kijana hakukata tamaa. Akapasha msumari moto, akatoboa matundu madogo, akafunga kwa waya mwembamba. Baba yake ndiye aliyeshika koleo wakati wa kukaza. Paa la pili lilitoka katika kopo la mafuta ya kupikia, likainuliwa juu ya la kwanza kwa vijiti vinne. Ubavu ukawa bati lililonyooka. Taa zikawa vifuniko viwili vya chupa ndogo za dawa, vikawekwa katikati ya uso.

Kazi ilichukua majuma matatu, jioni kwa jioni, baada ya shule na baada ya kuchota maji. Na kwa kuwa mdogo wake alikuwa amepoteza motokaa yake, baba alitoa amri ya haki: kabla ya kumaliza ya babu, kijana amtengenezee mdogo wake motokaa ya waya yenye magurudumu ya kandambili na usukani mrefu. Akatii. Mdogo wake sasa ndiye mwenye kelele nyingi kuliko wote kijijini.

Siku motokaa ya babu ilipokwisha, kijana aliiweka juu ya magoti ya mzee. Mzee hakuitazama sana, aliipapasa. Akagusa paa, akaingiza kidole katika nafasi iliyo kati ya paa mbili. Akagusa uso, akazipata taa mahali pake. Alipofika ubavuni akazikuta zile nundu za waya, akacheka. "Bolti," akasema. Halafu akapitisha kidole dirishani mpaka nyuma, akahesabu viti. Akafika mahali patupu kati ya benchi mbili za nyuma, akakaa kimya muda mrefu.

"Hapa ndipo alipolala mama," akasema. "Nami nilikuwa hapa."

NENO KWA WAZAZI

Land Rover ya mwisho ya ukoo ule wa zamani, iliyoitwa Defender, ilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Zile za kwanza huku kwetu nyingi zimekwisha kuwa vyuma chakavu. Wazee waliopanda ndani yake nao wanapungua. Mtoto anayeuliza gari la babu lilikuwaje anaomba kitu ambacho kesho hakitapatikana kwa fedha.

Basi, wazazi, mkimkuta mtoto amefungua kitu, ulizeni kwanza anataka kutengeneza nini. Kama ameharibu kwa kucheza tu, mrudini kama ilivyo desturi. Lakini kama ana jambo kichwani, mpeni rula na penseli, mfundisheni kupima kabla ya kukata. Kisu kiwe kikali, maana kisu butu huteleza; akate kwa kuelekeza makali mbali na vidole vyake. Msumari wa moto aushike kwa koleo, mtu mzima akiwa karibu. Moshi wa plastiki ni mbaya kifuani. Kazi hiyo ifanyike nje.

Jirani yangu juma lililopita alikwenda tena Sumbawanga. Aliporudi alipita kwangu, akanionyesha alichonunua: tupa ndogo na rula ya chuma. Akaniuliza, kama kwa mzaha, ikiwa katika simu yangu iko pia picha ya lori la zamani la Bedford, kwa kuwa yeye mwenyewe alipokuwa mdogo aliwahi kupanda moja.